Debe la Shangazi Tabita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ruti alichukua fimbo na kufukuza mbuzi kwenye uwanja wa ndege wa Isansa, huko Mbozi. Hakuna aliyemtuma. Uwanja wenyewe ulikuwa kipande kirefu cha majani yaliyofyekwa, na kando yake mawe yaliyopakwa chokaa. Ndege ndogo ya daktari ilitua hapo kila baada ya wiki mbili, na Ruti aliona kwamba ndege ile ikikuta mbuzi njiani haitashuka. Isiposhuka, hatakuwa na mtu wa kumletea habari za mama yake.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliishi na shangazi yake, Tabita, katika nyumba iliyokuwa peke yake mwisho wa uwanja. Zamani kulikuwa na nyumba nyingine jirani. Mwaka uliotangulia familia zote zilihamia kijiji kipya cha ujamaa, na katika viwanja vyao ilibaki mibuni na mafiga yaliyofunikwa na magugu. Shangazi Tabita aliruhusiwa kubaki kwa sababu ndiye aliyetunza kibanda cha mapipa ya mafuta ya ndege.

Baba yake Ruti, Jonasi, alikuwa amevuka mpaka wa nchi pale Tunduma kwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba, na barua zake zilikuwa zimekoma. Mama yake, Ferista, aliugua kifua kikuu. Alipelekwa katika hospitali iliyokuwa ng'ambo ya bonde la Rukwa, akae huko mpaka apone.

Shuleni Ruti alikaa kwenye dawati peke yake. Siku moja alijaribu kukaa karibu na Isaka, mvulana aliyependa kuchekesha wenzake.

"Nenda kule," Isaka alisema, huku akisogeza daftari lake. "Utatukohoza sote."

"Mimi sikohoi."

"Mama yako je?"

Wenzake walicheka. Mwalimu aliwaeleza kwamba Ruti alipimwa na hana ugonjwa, na kwamba hata mgonjwa akitumia dawa ipasavyo hapitishi ugonjwa kwa wengine. Walisikiliza vizuri na wakajibu maswali yote. Kesho yake Ruti alikuta dawati lake ni lake peke yake kama kawaida.

Jioni alikuwa na desturi moja. Akishaosha vyombo, aliifuta sahani ya mama yake, sahani ya bati yenye ua la bluu, ingawa haikutumika. Kisha alipiga magoti na kusali. Hakusali kwa maneno makubwa. Alimweleza Mungu mambo ya siku hiyo, kama mtu anayezungumza na jirani, kwa kuwa jirani mwingine hakuwepo.

Shangazi Tabita alikuwa mwanamke mchapakazi. Alilima, alikamua mafuta ya alizeti, na aliuza mahindi yake yaliyozidi kwa debe. Wanunuzi wake walikuwa walimu, wauguzi wa zahanati, na wakati mwingine Bashiri, msafirishaji mnene kutoka Tunduma aliyeleta mapipa ya mafuta kwa lori lake.

"Tabita, debe lako hili lina tumbo la njaa," Bashiri alisema siku moja, akiinamia debe.

"Na wewe una tumbo la shibe," Shangazi alimjibu. "Chukua nyongeza yako utuache."

Bashiri alichota viganja viwili vya mahindi, akaviweka juu ya gunia lake, akaondoka akicheka.

Ruti hakucheka. Alilijua debe lile. Nyumbani kulikuwa na madebe mawili. Moja lilikuwa kuukuu, la kutekea maji. La pili lilikuwa safi, linang'aa, nalo lilikuwa la kuuzia. Ruti ndiye aliyelibonyeza. Shangazi alilishika, akamwambia apige kitako chake kwa mchi, polepole, lisitoboke. Kitako kikaingia ndani na kuwa kama kilima kidogo. Ukijaza mahindi, kile kilima hukioni.

"Shangazi, huku si kuiba?" Ruti aliuliza siku ile.

"Mwizi huiba kwa kificho. Hapa kila mtu anajua. Mnunuzi anajua, ndiyo maana anaomba nyongeza. Na wao wakija kununua na madebe yao, vitako vimetokeza nje kama mimba. Tunamalizana hapo hapo. Piga tena kidogo, pale pembeni."

Ruti alipiga.

Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza, ndege ilitua mapema kuliko kawaida. Daktari Efraimu alishuka na mkoba wake, akaenda moja kwa moja zahanati, ambako kina mama walikuwa wamepanga mstari. Nyuma yake alishuka rubani, Kapteni Seleman, kijana mrefu aliyezaliwa pwani na ambaye bado alivaa sweta mbili kwa ajili ya baridi ya Mbozi.

"Shikamoo, Kapteni," Ruti alimwamkia.

"Marahaba. Nani aliyefukuza mbuzi leo?"

"Ni mimi."

"Basi leo zamu yangu kukufanyia kazi. Daktari anabaki hapa kutibu. Mimi navuka bonde kuchukua dawa hospitali, na kuna mgonjwa mmoja amepona, narudi naye. Anaitwa Ferista. Unamfahamu?"

Ruti aliinamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake.

"Naona unamfahamu," Kapteni alisema kwa upole.

Kule ng'ambo hakukuwa na mafuta. Ilibidi ndege ijazwe hapa mafuta ya kwenda na ya kurudi, na ya akiba juu yake. Kapteni alifungua pipa, akaingiza pampu ya mkono, akazungusha. Pampu ilikohoa, ikatema matone machache, ikakwama. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka.

Alitazama angani. Upande wa bonde mawingu yalikuwa yameanza kujipanga.

"Tutavuta kwa mpira wa kawaida, tujaze kwa debe," alisema. "Ruti, kimbia nyumbani. Niletee debe safi, kavu kabisa. Maji yakiingia kwenye mafuta, injini inazima."

Ruti alikimbia. Debe la maji lilikuwa limelowa ndani, na matone yalining'inia pembeni. Debe la kuuzia lilikuwa kavu. Alisimama kati ya hayo mawili, kisha akachukua kavu, kama alivyoagizwa.

Aliporudi, watu walikuwa wamekusanyika kutazama ndege kama ilivyokuwa kila mara. Shangazi Tabita naye alikuwa pale, ameshika ufunguo wa kibanda. Alipoliona debe mkononi mwa Ruti, uso wake ulibadilika kidogo.

Kapteni alilipokea. "Halivuji?"

"Halivuji," Ruti alijibu.

Lilikuwa jibu la kweli. Lakini lilikuwepo neno la pili, na lilikuwa limefika mdomoni. Ruti akamtazama shangazi yake. Shangazi alimkazia macho, na watu walikuwa wengi. Lile neno likarudi chini.

Kapteni alipanda kwenye ngazi, akamimina mafuta katika matangi ya mabawa kupitia ngozi laini ya kuchujia. Alihesabu kwa sauti, na watoto wakahesabu pamoja naye kama wako darasani, mpaka debe la nane. Siku nyingine Ruti alikuwa amemwona akitumbukiza kijiti chenye alama ndani ya tangi ili kupima kina cha mafuta. Siku hii hakukitoa. Alitazama mawingu tena, akafunga vifuniko.

"Nane yanatosha, na akiba inabaki," alisema. "Ruti, kapike kitu. Mama yako atakuja na njaa."

Ndege ilikimbia juu ya majani, ikainuka, ikawa ndogo kama panzi, ikapotea.

Ruti alipika ugali na maharage. Akaiweka sahani yenye ua la bluu mezani. Kisha alikwenda kukaa kwenye jiwe la mwisho la uwanja, akasikiliza. Alisikia nzi, na kengele ya mbuzi. Jua lilipoanza kushuka, upande wote wa bonde ulikuwa umefungwa na wingu jeusi, na mvua ilionekana ikining'inia kama pazia.

Alikwenda zahanati. Daktari Efraimu alikuwa ameketi mbele ya redio ya mawasiliano. Sauti ya Kapteni Seleman ilitoka ndani yake, imekwaruzwa na radi.

"Njia ya Isansa imefungwa. Nazunguka mawingu, nageukia Mbeya. Mafuta yapo. Abiria wangu hajambo."

Baada ya hapo redio ilitoa mkwaruzo tu. Daktari aliita, akaita tena. Kabla giza halijaingia, uwanja wa Mbeya ulijibu kwamba hakuna ndege iliyofika.

Mafuta yapo. Ruti alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyemeza kitu cha moto. Shangazi Tabita alikuwa ameketi jikoni, moto umezimika. Chakula kilikuwa kimepoa, hakuna aliyekigusa. Ilionekana wote wawili wanafikiri jambo moja, na kila mmoja alikuwa peke yake nalo.

Watu walipoitwa kanisani kuiombea ndege, walikwenda. Mzee wa kanisa aliomba kwa machozi. Alimwomba Bwana awafunike waliopotea na awaonyeshe njia watakaowatafuta. Watu wote wakaitikia amina. Ruti alifungua mdomo, na amina haikutoka.

Akajaribu kusali mwenyewe, kimya. Mungu wangu, unajua habari za lile debe. Hapo alikwama. Alijua kwamba Mungu hakuhitaji kuambiwa. Mungu alikuwa akijua habari za debe tangu mchi ulipogusa kitako. Asiyejua alikuwa Daktari Efraimu.

Asubuhi, mvua ikiwa imekatika, watu walikusanyika nje ya zahanati. Bashiri alikuwa amefika na lori lake. Daktari alitandaza ramani kwenye kifuniko cha injini.

"Ndege ya kutafuta inaruka kutoka Mbeya muda si mrefu," alisema. "Kapteni alijaza madebe nane. Kwa mafuta hayo alikuwa na uwezo wa kufika Mbeya. Kwa hiyo ameangukia huku, kwenye milima karibu na Mbeya. Lori nalo liende huko. Wote tuelekeze nguvu upande huo."

"Siyo nane," Ruti alisema.

Alikuwa amesimama nyuma ya watu. Hakuna aliyemsikia ila Isaka, aliyekuwa kando yake.

"Unasemaje?" Isaka aliuliza.

Ruti aligeuka. Alikimbia nyumbani. Aliporudi alikuwa na debe la maji kichwani, limejaa mpaka ukingoni, likimwagikia mabegani, na lile la kuuzia mkononi. Watu wakampisha. Akaliweka la kuuzia mbele ya Daktari, akaligeuza juu chini ili kitako kionekane.

"Hili ndilo debe alilojazia Kapteni. Limebonyezwa," alisema. "Nimelibonyeza mimi. Aliniuliza kama linavuja, nikasema halivuji. Sikumwambia kwamba halijai."

Daktari alilitazama. Kisha alichukua debe la maji na kumimina katika lile la kuuzia. Maji yalifika juu, yakaanza kumwagika, na ndani ya debe la kutekea yakabaki maji. Akaomba bakuli kwa muuguzi, akayamimina humo. Bakuli kubwa likajaa.

"Bakuli moja kwa kila debe," Daktari alisema polepole. "Kwa madebe nane, ni karibu debe zima ambalo halikuingia kwenye ndege."

Bashiri alikuna kidevu. "Sisi huwa tunamwomba Tabita nyongeza," alisema, safari hii bila kucheka. "Ndege ingemwomba nani?"

"Nani aliyemfundisha mtoto kazi hii?" mtu mmoja aliuliza.

Shangazi Tabita alisogea mbele. Kitenge kilikuwa kimemtoka begani na hakukirekebisha.

"Msimtazame yeye," alisema. "Mkono ulikuwa wake, lakini agizo langu. Na jana nilimfumba mdomo kwa macho. Daktari, kama una la kusema, niambie mimi."

"La kusema lipo, lakini litangoja," Daktari alijibu. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye ramani. Kilitoka Mbeya, kikarudi nyuma taratibu, kikashuka kutoka milimani, kikasimama bondeni. "Hakufika milimani. Injini ilizima hapa, upande wa Saza. Watu wa hapo wamehamia vijijini, ndiyo sababu hakuna aliyeona wala kusikia. Bashiri, washa gari. Mimi naongea na Mbeya kwa redio."

Lori liliondoka limejaa wanaume. Ruti hakupewa nafasi. Alirudi kwenye jiwe lake mwishoni mwa uwanja. Ule mchana ulikuwa mrefu kuliko siku zote za maisha yake. Shangazi alipita mara moja, akamwekea shuka mabegani, akaenda zake. Ruti alisali tena, na safari hii maneno hayakukwama, ingawa hofu ilibaki pale pale.

Jua likiwa limeinamia magharibi, Isaka alikuja mbio akivuka uwanja. Alipofika hakuweza kusema kwa kuhema. Alionyesha upande wa zahanati, kisha akakaa chini karibu na Ruti, bega kwa bega, mpaka pumzi ilipomrudia.

"Wameonekana," alisema. "Rubani wa Mbeya amewaona kutoka juu. Ndege imelala chali. Watu wawili wanapunga kitambaa."

Lori lilirudi kesho yake. Kapteni Seleman alikuwa na mkono uliofungwa kwa vijiti na uso uliochubuka. Alieleza kwamba injini ilizima ghafla, akaona barabara ya zamani ya machimbo, imeota majani, akajaribu kutua hapo. Tairi la mbele liliingia shimoni, ndege ikapinduka. Walikunywa maji ya mvua yaliyokaa kwenye bawa. Ingepita wiki moja, alisema, wasingekuwa na la kueleza.

Nyuma yake aliteremka Ferista, mwembamba, kichwa kimefungwa bendeji, lakini akitembea kwa miguu yake. Ruti alimkimbilia, kisha akasimama hatua chache kabla ya kumfikia.

"Mbona unasimama?" mama yake aliuliza.

"Mama, ni mimi niliye—"

"Bashiri amenieleza njia nzima. Njoo kwanza. Hayo mengine tutayazungumza nikiwa nimekushika."

Jioni hiyo walikula pamoja, Kapteni na Daktari wakiwa wageni. Ferista alikula kwenye sahani yenye ua la bluu. Shangazi Tabita aliwahudumia wote. Alipomaliza, alipiga magoti mbele ya Kapteni na wifi yake, akaomba radhi. Kapteni alimwinua kwa mkono wake mzima.

"Shangazi, mimi nina la kwangu pia," alisema. "Kijiti cha kupimia kilikuwa nyuma ya kiti changu. Nimefundishwa kwamba rubani haamini mshale wa mafuta, wala hesabu ya madebe, wala neno la mtu, mpaka ametumbukiza kijiti akaona mwenyewe. Niliogopa mawingu, nikaharakisha. Ndege nyingi ndogo zimeanguka zikiwa nzima kabisa, kwa sababu tu mtu alidhani mafuta yapo. Nimeandika hivyo kwa wakubwa wangu, na nimeandika jina langu."

Ferista alimgeukia binti yake. Alisema taratibu, kwa sababu pumzi yake ilikuwa bado haijapata nguvu.

"Ruti, jibu lako kwa Kapteni halikuwa la uongo. Debe halikuvuja. Lakini mtu akitegemea kile unachokijua ili awe salama, nawe ukampa nusu yake, umempunja, sawa na aliyepunja mahindi. Ulikosa kwa kunyamaza. Jana ulisema mbele ya watu, huku ukimwogopa shangazi yako, na kwa sababu hiyo mimi niko hapa nakula. Kumbuka yote mawili. Usichukue moja ukaacha lingine."

Ruti aliitikia. Usiku huo, waliposali, amina yake ilisikika.

Jumatatu Shangazi Tabita aliketi chini ya mti wa mbuni, debe kati ya magoti yake, akalipiga kutoka ndani kwa mchi mpaka kitako kikanyooka. Halikurudi kuwa laini kama zamani. Lilibaki na makunyanzi, na lilipowekwa sakafuni liliyumba kidogo. Alilijaza maji ya debe kuukuu, akahakikisha hayazidi wala hayapungui.

Bashiri alipokuja kununua mahindi, Ruti na mama yake walikuwa wakichambua maharage mlangoni. Shangazi alijaza debe, akalimwaga katika gunia. Bashiri, kwa mazoea, akanyoosha viganja viwili.

"Nyongeza yangu, Tabita."

"Hakuna," Shangazi alisema. "Leo limejaa."

Bashiri aliinama, akaligeuza debe, akapapasa makunyanzi ya kitako chake kwa kidole. Kisha akafunga gunia lake, akalibeba, akaenda bila kudai kitu.